Ukanda wa mita, mraba wa mia, jedwali au shilingi: kipi kianze unapofundisha desimali na asilimia

Andika ubaoni 0.3 na 0.125, kisha uliza ipi kubwa. Mikono mingi itanyooshwa kwa 0.125, na sababu utakayopewa inaeleweka kabisa: "Mia moja ishirini na tano si inaizidi tatu, Mwalimu?" Mtoto huyu hajazembea. Anatumia kanuni iliyomvusha salama tangu darasa la kwanza, kwamba namba yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa. Wachache watachagua 0.3, nawe utashusha pumzi. Usishushe bado. Wape 0.3 na 0.84. Baadhi ya hao hao watang'ang'ania 0.3, kwa kuwa wameshika kwamba sehemu za mia ni vipande vidogo kuliko sehemu za kumi, basi namba ndefu lazima iwe ndogo. Jibu la kwanza walilipata kwa njia mbovu.

Hayo ni makosa mawili yanayopingana, na ndiyo maana kuuliza "zana gani bora ya kufundishia desimali" bila kusema inatibu kosa lipi hakufiki mbali. Hapa tunalinganisha zana nne ambazo mwalimu wa Mtwara au Lindi anaweza kuzipata bila kusubiri fungu lolote: ukanda wa mita moja, mraba wa vyumba 100, jedwali la nafasi, na fedha. Baada ya hapo tunalinganisha njia za kukokotoa asilimia, maana huko nako walimu hugawanyika.

Kwanza jua darasa lako limekwama wapi

Nusu karatasi kwa kila mtoto, maswali manne, dakika kumi. Ipi kubwa, 0.3 au 0.125? Ipi kubwa, 0.3 au 0.84? Kisha 0.7 + 0.5. Mwisho 2.5 × 10.

Aliyekosa la kwanza na kupata la pili anasoma desimali kama namba nzima. Aliyepata la kwanza na kukosa la pili ni wa kundi la "fupi ndiyo kubwa". Aliyeandika 0.12 kwenye la tatu anaziona pande mbili za nukta kama namba mbili zisizojuana. Aliyeandika 2.50 kwenye la nne amebeba ile kanuni ya "ukizidisha kwa kumi ongeza sifuri", aliyofundishwa madarasa ya chini na ambayo ilikuwa kweli hadi jana yake. Panga karatasi katika mafungu hayo manne kabla hujaamua chochote. Fungu lililo nene zaidi ndilo linalochagua zana.

Ukanda wa mita moja

Kizima ni mita moja. Ufito wa mwanzi uliokatwa sentimita 100 kamili unafaa kuliko karatasi kwa sababu haukunjiki na haulegei. Usiuchore alama yoyote. Sehemu za kumi ni vijiti vya sentimita 10, na pwani yote ya kusini ina chelewa (njiti za ukuti wa mnazi) za kutosha kwa kazi hiyo. Fagio moja kuukuu inatosha darasa zima. Sehemu za mia ni vipande vya sentimita 1. Chelewa ikikatwa fupi hivyo huponyoka vidoleni kama sindano, kwa hiyo hapo tumia mirija ya kunywea soda. Waambie watoto mapema kwamba unene si kitu, kinachohesabiwa ni urefu. Sehemu za elfu usizikate. Waonyeshe milimita kwenye rula, inatosha.

Kwa kikundi cha watoto 6 seti moja ni ufito 1, vijiti 12 vya sentimita 10 na vipande 20 vya sentimita 1. Darasa la watoto 72 linahitaji seti 12, yaani vijiti 144 na vipande 240. Vipande 240 ni mita 2.4 tu za mrija, kwa hiyo mirija 13 au 14 inatosha hata ukiharibu michache.

Panapoharibika ni kwenye kukata. Kila kijiti kikizidi milimita 3, vijiti kumi vitaupita ufito kwa sentimita 3, na mtoto ataona kwa macho yake kwamba sehemu kumi za kumi si moja. Hutamwaminisha tena. Usipime kila kijiti kwa rula. Chukua kibao, gongea msumari mmoja, chora mstari sentimita 10 kutoka kwenye msumari huo, halafu kila chelewa iguse msumari na ikatwe mstarini. Kama huna mwanzi na umeamua kutumia manila, karatasi moja haifiki mita, utaunga mbili. Unga kwanza, pima baadaye. Wengi hupima nusu mbili za sentimita 50 kisha wakaziunga kwa kuzipandisha, na ukanda ukatoka na sentimita 98. Gundi ni bora kuliko selotepu, ambayo hewa ya pwani huilegeza.

Kipindi cha kwanza cha dakika 40 hakina nukta kabisa. Watoto wanapima dawati, mlango, upana wa dirisha, na wanasema kwa mdomo: "Ufito mmoja, vya kumi viwili, vya mia vinne." Wakishachoka kuandika maneno marefu ndipo unawapa ufupisho: 1.24. Nukta inaingia kama msaada, haiingii kama amri.

Kipindi cha pili ndicho chenye faida kubwa. Kikundi kinatengeneza 0.3 chini ya ufito: vijiti vitatu. Chini yake kinatengeneza 0.125: kijiti kimoja, vipande viwili, na milimita tano za rula. Cha kwanza kinafika sentimita 30, cha pili kinaishia 12 na nusu. Kisha 0.84 inawekwa chini ya zote mbili, na inazipita. Kundi la "ndefu ndiyo kubwa" na kundi la "fupi ndiyo kubwa" yanaumbuka kwenye meza moja, tena bila mwalimu kufungua mdomo. Hakuna zana nyingine kati ya hizi nne inayofanya hivyo kwa pamoja. Swali la 0.7 + 0.5 nalo linajijibu: vijiti 12 vikipangwa vinaupita ufito kwa viwili.

Udhaifu wake upo. Mtoto mjanja atakimbilia sentimita: "1.24 ni sentimita 124, Mwalimu," na tangu hapo anajumlisha namba nzima, desimali hajaigusa. Dawa ni ufito usio na alama, na neno "sentimita" kupigwa marufuku kwa vipindi viwili. Pili, ukanda hauwezi kuonyesha 0.3 × 0.4, kwa sababu urefu kuzidisha urefu si urefu tena. Tatu, vipande hupotea. Kila seti iwe na kikopo chake, na kikopo kihesabiwe kabla kengele haijalia.

Mraba wa mia

Huu ni mraba wa vyumba 10 kwa 10. Unaweza kuuchora kwenye daftari la hesabu lenye vyumba, lakini watoto wakiuchora wenyewe nusu yao watatoka na vyumba 11 kwa 10 kwa kuhesabu mistari badala ya nafasi. Ni afadhali fotokopi. Ukurasa wa A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, mraba wenye vyumba vya milimita 9 una upande wa sentimita 9, kwa hiyo sita zinaingia ukurasa mmoja na nafasi ya mkasi inabaki. Watoto 72 ni kurasa 12. Fotokopi ikiwa 100/= kwa ukurasa, umetumia 1,200/=. Usikubali vyumba vya sentimita 1, maana zitaingia miraba minne tu na mashine inaweza kula kingo.

Usiwape rangi siku ya kwanza. Wape punje za mahindi wapange juu ya vyumba, ili karatasi hiyo hiyo itumike wiki nzima. Choroko zinavutia kwa udogo wake lakini hubingirika. Punje ya mahindi ina ubapa, inatulia.

Nguvu ya mraba iko kwenye asilimia. Kiswahili kimetusaidia hapa kuliko lugha nyingi: katika sehemu, namba ya juu tunaiita kiasi na ya chini asili, na asilimia ni hiyo hiyo sehemu ambayo asili yake ni mia. Neno lenyewe ndilo somo. Vyumba 37 vyenye punje ni 37/100, ni 0.37, ni 37%, na mtoto anaandika vyote vitatu bila kuhamisha nukta hata mara moja. Robo ni vyumba 25, nusu ni 50. Kwamba 0.3 na 0.30 ni kitu kimoja linaonekana papo hapo: safu tatu nzima ni vyumba thelathini. Na ile 0.3 × 0.4 iliyoushinda ukanda hapa ni rahisi, kwani unafunika safu tatu kwa wima, nne kwa mlalo, na zinapokutana pana vyumba 12, yaani 0.12. Hapo mtoto anaona kwa nini jibu ni dogo kuliko namba zote mbili, jambo linalowasumbua hata watu wazima.

Kosa la mraba ni moja, lakini sugu. Mwambie mtoto aonyeshe 0.3, ataweka punje tatu. Chumba kimoja anakiona kama "kimoja" kwa sababu ndicho anachokihesabu. Ndiyo maana kila swali la mraba lazima litanguliwe na jingine: kizima ni kipi? Mkono wake uzungushe mraba wote, kisha safu moja, kisha chumba kimoja, huku akisema: moja, sehemu ya kumi, sehemu ya mia. Lifanye lizoeleke kama kusema shikamoo.

Inapofika 125% mraba unageuka mtego. Unahitaji miraba miwili, wa kwanza umejaa na wa pili una vyumba 25, na mtoto anasoma 125 kati ya 200. Kizima kimebadilika kichwani mwake bila yeye kujua. Kwa asilimia zinazozidi mia rudi kwenye ukanda au chora mstari. Mraba uuache kabatini.

Jedwali la nafasi

Jedwali ndilo lililoko vitabuni na ndilo rahisi kuliko yote: chaki na ubao. Kwa mpangilio wa kujumlisha, kutoa na kuchukua, hakuna linaloshindana nalo. Lakini halina ukubwa. Safu ya sehemu za kumi na safu ya sehemu za elfu zina upana uleule ubaoni, kwa hiyo mtoto anayeamini 0.125 ni kubwa hatapata humo sababu ya kubadili mawazo. Atajaza safu vizuri na kubaki na imani yake. Lije baada ya ukanda.

Kuna shida mbili za lugha ambazo mwalimu azitarajie. "Makumi" na "sehemu za kumi" zinafanana masikioni, hasa kwa mtoto aliyekaa nyuma katika darasa la watu themanini. Tamka "sehemu" kwa mkazo na usiifupishe. Pia "sehemu ya kumi" inaweza kusikika kama ile inayofuata ya tisa. Ukiona mtoto anatafuta ya kumi katika mstari badala ya moja kati ya kumi, tatizo ni sikio. Na namba yenyewe isomwe "tatu nukta mbili tano". Anayesoma "tatu nukta ishirini na tano" anamwagilia lile kosa tulilotaka kuling'oa.

Jambo jingine: watoto hudhani nukta ndiyo katikati ya jedwali, basi kama kushoto kwake kuna mamoja, kulia kutakuwa na "sehemu za moja". Hakuna. Katikati ni safu ya mamoja. Makumi upande huu yanaangaliana na sehemu za kumi upande ule. Usiipe nukta safu yake mwenyewe, ikae juu ya mstari. Na kwa 2.5 × 10, andika tarakimu kwenye ukanda wa karatasi na uuburute hatua moja kushoto, nukta ikiwa imetulia. Wanaofundishwa "hamisha nukta" huihamisha upande wowote uliowapendeza siku hiyo.

Shilingi

Vitabu vingi vya nje huanza desimali kwa fedha, na ushauri huo umenakiliwa sana. Kwetu hauingii. Kisheria shilingi ina senti 100, lakini mtoto wa Mikindani hajawahi kushika senti wala kuona bei yenye nukta. Ile alama ya /= tunayoiandika baada ya bei ni kumbukumbu ya senti hizo, ikimaanisha hakuna senti za ziada; zamani 5/50 ilisomwa shilingi tano na senti hamsini. Leo ni pambo tu.

Unaweza kuifanya elfu moja iwe kizima: sarafu ya 100 ni 0.1, ya 200 ni 0.2, ya 50 ni 0.05. Inafanya kazi hadi hapo, kisha inakwama, kwa sababu sehemu za mia zingekuwa shilingi kumi kumi. Fedha ihifadhi kwa matumizi, si kwa maana. Gazetini kuna "bilioni 1.5" na "milioni 2.3", na kugeuza 2.3 kuwa 2,300,000 ni zoezi zuri la mwisho wa mada. Kama unataka kitu cha mtaani chenye desimali za kweli, nenda kwenye mzani wa dijitali wa bucha unaosoma 0.745, au pampu ya petroli inayoandika lita za bodaboda. Hata hizo zije baada ya vijiti.

Kwa anayetaka kuziona zikiwa ubavuni kwa ubavu:

| | Ukanda wa mita | Mraba wa mia | Jedwali la nafasi | Shilingi |
|---|---|---|---|---|
| Inatibu zaidi | "Ndefu ndiyo kubwa" na "fupi ndiyo kubwa" | Kuunganisha sehemu, desimali na asilimia | Mpangilio wa kujumlisha na kutoa | Asilimia za bei |
| Inakwama kwenye | Kuzidisha desimali kwa desimali | Sehemu za elfu, zaidi ya 100% | Ukubwa wa namba | Sehemu za mia |
| Maandalizi | Jioni moja ya kukata | Kurasa 12 za fotokopi | Chaki | Hakuna |
| Darasa la watu 80 | Linawezekana kwa vikundi, lina kelele | Linawezekana, kila mtoto na wake | Rahisi | Mazungumzo tu |

Fungu lako nene likiwa la swali la kwanza au la pili, anza na ukanda na uupe vipindi vinne. Kama ni la 0.7 + 0.5, ukanda kipindi kimoja kisha jedwali. Kama ni la 2.5 × 10, jedwali lenye ukanda wa kuburuta latosha. Na kama darasa lote limefanya vizuri maswali manne, nenda moja kwa moja kwenye mraba na asilimia, usiwarudishe kwenye vijiti kwa sababu tu umevikata.

Desimali kwanza au asilimia kwanza?

Mpangilio uliozoeleka ni sehemu, kisha desimali, kisha asilimia. Kuna hoja ya kuugeuza, nayo si ya kipuuzi: mtoto ameshaijua asilimia kabla hujaingia darasani. Chaji ya simu ikisoma 5% anajua itazimika. Umiliki wa mpira ukiwa 62% kwa 38% anajua nani anaelemewa. Na korosho zikianza kuuzwa kuanzia Oktoba, kule Newala na Tandahimba anasikia asilimia za unyevu nyumbani kwao.

Anayetaka kuanza huko achukue chupa angavu ya maji ya lita moja na nusu. Kitako chake kina mabonde na shingo imebana, kwa hiyo usitumie chupa yote. Jaza maji hadi yapite mabonde, hapo weka 0. Pima sentimita 10 kwenda juu kwenye sehemu iliyonyooka, hapo weka 100. Kila milimita ni asilimia moja. Watoto wakisie: nusu ni 50, nusu ya iliyobaki ni 25, basi pale juu ni 75. Baada ya hapo 75% inaandikwa 0.75. Ukianzia kwenye mabonde ya kitako, nusu ya maji haitakuwa nusu ya urefu, na watoto watalibaini hilo haraka kuliko unavyodhani.

Hatari ya mpangilio huu ni tarakimu moja. Aliyezoea 75% kuwa 0.75 ataandika 7% kama 0.7, na kwa sehemu za mia ambazo hajazijenga kwa mikono huna pa kumrudisha. Kwa darasa la kawaida linalofuata muhtasari, baki na desimali kwanza. Kwa kikundi cha watoto ambao wameshafundishwa desimali mara mbili na wakaichukia, anza na chupa. Wanahitaji mlango ambao hawajaumia nao.

Kukokotoa asilimia: njia zinazoshindana

Tuseme mkulima wa Ruangwa ana kilo 240 za ufuta, na baada ya kupepeta 15% imeondoka kama takataka. Ni kilo ngapi?

Njia ya kanuni: 15/100 × 240 = 36. Inafanya kazi kwa asilimia yoyote, na ndiyo mtoto atakayokutana nayo vitabuni. Tatizo lake ni kwamba haimpi mtoto njia ya kujua amekosea. Akiandika 100/15 × 240 atapata 1,600, ataipigia mstari chini, na kufunga daftari.

Njia ya kumi: 10% ya 240 ni 24. Nusu yake, 5%, ni 12. Jumla 36. Inafanyika kichwani, na inajilinda yenyewe kwa kuwa mtoto ameshaona 24 kwa macho, hawezi kuamini 1,600. Hata 18% ya Kodi ya Ongezeko la Thamani inakubali: kwa bidhaa ya 45,000/= kabla ya kodi, 10% ni 4,500, 5% ni 2,250, na 1% mara tatu ni 1,350, jumla 8,100/=. Udhaifu wake ni asilimia zisizo na adabu. Kwa 37% ya 240 utapata 72, 12 na 4.8, jumla 88.8, sahihi, ila mtoto amepita hatua nyingi na kila hatua ina shimo lake.

Njia ya desimali: 0.15 × 240. Ni fupi kuliko zote kwa mwenye kikokotoo, na ndiyo itakayomfaa sekondari. Darasa la tano inategemea kuzidisha desimali, kwa hiyo unapima mambo mawili kwa wakati mmoja na hujui lipi limemwangusha.

Kwa kuanzia, njia ya kumi ina ubora ulio wazi, na kanuni ije wiki ya pili kama ufupisho wa jambo walilokwisha kulielewa. Wanaoanza na kanuni huonekana wako mbele kwa siku tatu.

Swali la kutafuta asilimia yenyewe ni tofauti. Kilo 80 za korosho ghafi zimebanguliwa zikatoa kilo 18.4. Ni asilimia ngapi? Njia ya kumi inasaidia kukisia: 10% ya 80 ni 8, 20% ni 16, basi jibu limezidi 20 kidogo. Kanuni inamalizia: 18.4/80 × 100 = 23. Kukisia kwanza, kukokotoa baadaye. Mtoto aliyegeuza juu chini na kupata 434 na ushei atajistukia.

Kisha kuna maswali ambayo njia zote tatu huangukia. Sare ya shule imepunguzwa bei kwa 20% na sasa inauzwa 16,000/=. Bei ya mwanzo ilikuwa ngapi? Karibu darasa zima litatafuta 20% ya 16,000, yaani 3,200, na kujumlisha hadi 19,200. Kosa si la hesabu. Wamechukua 20% ya kizima kisicho chenyewe.

Hapa kinachofaa ni mstari pacha. Mtoto anachora mistari miwili inayolingana, mmoja juu ya mwingine. Wa juu ni asilimia: 0 mwanzoni, 100 mwishoni. Wa chini ni shilingi, 0 mwanzoni, mwishoni alama ya kuuliza. Kisha anaulizwa: 16,000 ikae chini ya ngapi? Mtoto ataiweka chini ya 100, kwa mazoea. Muulize bei iliyo chini ya 100 ndiyo ipi, ya leo au ya kabla ya punguzo. Atafuta mwenyewe na kuisogeza chini ya 80. Kutoka hapo 10% ni 2,000 na 100% ni 20,000.

Mstari huo huo ndio unaoeleza kwa nini bidhaa ya 10,000/= ikipanda 10% kisha ikashuka 10% hairudi ilikoanzia: inapanda hadi 11,000, na asilimia kumi inayoshuka ni ya 11,000, kwa hiyo inaishia 9,900. Chora mistari pacha mara mbili, wa pili uwe mrefu kidogo kuliko wa kwanza.

Hauhitaji fotokopi wala chelewa. Mtoto anauchora pembeni ya karatasi ya mtihani kwa penseli, alama nne tu: 0, 10, asilimia aliyopewa, na 100. Ila uchorwe kwa rula wiki mbili za mwanzo, la sivyo 80 itachorwa katikati, na mstari uliokuja kuonyesha ukubwa utaanza kudanganya.